Asilimia tano ya nini? Jinsi ya kuisoma sheria ya watu wenye ulemavu nchini Kenya

Kwenye mikutano ya watu wenye ulemavu nchini Kenya kuna nambari isiyokosa kutajwa, nayo ni tano. Mwenyekiti wa kikundi atasema asilimia tano ya kazi ni yetu, ukumbi utapiga makofi, na mwanasiasa atakayeshika kipaza sauti baada yake ataitaja tena kwa sauti ya juu zaidi. Ukiwasogelea watu mmoja mmoja baadaye, wakati wa chai, uwaulize ni asilimia tano ya kitu gani, anayetakiwa kuitoa ni nani, na asipoitoa anafanywa nini, hapo ndipo majibu yanapoanza kugongana. Mmoja atasema ni kazi za serikali. Mwingine atasema ni za kila kampuni. Wa tatu atataja Katiba, wa nne atataja Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kila mmoja ana hakika na lake.

Hakuna aliyekosea kabisa. Asilimia tano zenyewe ni tatu. Moja iliandikwa mwaka 2003, ya pili mwaka 2010, ya tatu mwaka 2025, na kila moja ina mwenyewe wake. Mtu akizichanganya hujikuta anabisha hodi kwenye mlango ambao si wake, na mlinzi anamrudisha bila hata kumdanganya.

Tuanze na ile kongwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 14 ya 2003, ilitiwa saini siku ya mwisho kabisa ya mwaka huo na kuanza kutumika Juni 2004. Wakati ule ilikuwa hatua kubwa: kwa mara ya kwanza Kenya ilikuwa na sheria nzima inayowahusu watu wenye ulemavu, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lilizaliwa humo. Kifungu cha 13 ndicho kilichobeba ile nambari. Lakini kisome polepole. Hakikumwamuru mwajiri kuajiri. Kilisema Baraza litajitahidi kuhakikisha kwamba asilimia tano ya nafasi za vibarua, za dharura na za mkataba, serikalini na katika sekta binafsi, zinatengewa watu wenye ulemavu.

Kitenzi ni "kujitahidi", na aliyepewa kitenzi hicho ni Baraza. Ni kama mzazi anayetoka asubuhi akimwambia mtoto mkubwa, "Jitahidi mdogo wako ale." Jioni mdogo yuko na njaa. Mkubwa anasema alijitahidi. Nani utamchapa? Mwajiri aliyekuwa na wafanyakazi mia tano na asiwe na hata mmoja mwenye ulemavu alikuwa hajavunja kifungu hicho, kwa sababu hakikumwagiza lolote. Tena nafasi zenyewe zilikuwa za kibarua na mkataba. Kazi ya kudumu, yenye pensheni, haikutajwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu walikuwa wakiitaja asilimia tano ambayo kisheria ilikuwa ombi lililovaa suti.

Ya pili imo katika Katiba ya 2010, Kifungu cha 54. Hapa aliyeagizwa ni dola yenyewe, na kinachozungumziwa ni vyombo vya umma vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa: angalau asilimia tano ya wanachama wake wawe watu wenye ulemavu. Bunge, mabaraza ya kaunti, tume, bodi za mashirika ya umma. Haihusu duka la jumla wala kiwanda cha chai. Bunge la Taifa lina wabunge 349, kwa hiyo asilimia tano yake ni watu 17 na kidogo. Seneti ina wajumbe 67, ambapo Katiba yenyewe imeweka viti viwili kwa ajili ya watu wenye ulemavu, cha mwanamke kimoja na cha mwanamume kimoja. Viwili kati ya 67 havifiki asilimia tano. Hata ukipanga upya namna gani, hesabu inagoma.

Na hapa pia kuna neno dogo la kulifungulia macho: utekelezaji wake ni wa "hatua kwa hatua". Mawakili wanalijua neno hili vizuri. Haki ya hatua kwa hatua haina tarehe ya mwisho, na penye kukosa tarehe, anayedaiwa hujibu kila mwaka kwamba yuko njiani.

Ya tatu ndiyo mpya. Tarehe 8 Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyoifuta ile ya 2003. Mswada wake ulitoka Seneti, ukiwa umesukumwa na Seneta mteule Crystal Asige, yeye mwenyewe mwenye ulemavu wa macho. Humo asilimia tano ilibadilishiwa mwenyewe. Sasa anayeagizwa ni mwajiri, mwenye wafanyakazi kuanzia ishirini, na anachotakiwa ni kutenga angalau asilimia tano ya nafasi za ajira za moja kwa moja. Kujitahidi kumeondoka, kumebaki kutenga.

Hiyo ndiyo tofauti ya kwenda nayo mlangoni. Bado ningemshauri anayekwenda alichunguze lile neno "moja kwa moja". Kampuni nyingi za mjini siku hizi hazina mlinzi wala mfagiaji wa kwao; wote wameletwa na wakala. Wapokea simu nao vivyo hivyo. Kwa usomaji wangu, kampuni inayowakodi watu mia kupitia wakala na kuwaajiri yenyewe kumi na tisa inaweza kudai sheria haijaifikia, na nina hakika yuko mtu wa rasilimali watu ambaye ameshalifikiria jambo hilo kabla yangu.

Kwa nini ishirini? Piga hesabu: asilimia tano ya watu ishirini ni mtu mmoja kamili. Ndipo sheria inapoanza kupata umbo la binadamu. Waandishi wa sheria hawalizingatii hili kila mara, na mfano mzuri uko kwa majirani. Tanzania ya mwaka 1982 ilikuwa na sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu iliyomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi atenge asilimia mbili. Asilimia mbili ya hamsini ni mmoja, hesabu safi. Kisha ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, iliyopandisha kiwango hadi asilimia tatu na kushusha idadi hadi wafanyakazi 20. Kwa sikio ni maendeleo pande zote mbili. Lakini asilimia tatu ya watu ishirini ni sehemu sita za kumi za mtu. Ili umpate mtu mzima kwa asilimia tatu unahitaji wafanyakazi 34. Mwenye karakana ya watu ishirini na watano afanye nini? Anayeipenda sheria atasema aajiri mmoja. Anayeikwepa atasema nusu mtu haajiriki. Sheria ina nia njema, ila kikokotoo hakikupitishwa juu yake.

Na kwa kuwa tumeshavuka mpaka wa Namanga, tumalize: hiyo ya 2010 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake, kwa sababu masuala ya ulemavu hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Baraza la Wawakilishi lilitunga ya kwanza mwaka 2006, miaka minne kabla ya Bara. Bara nako kuna nambari nyingine ambayo watu huichanganya na ile ya ajira. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hiyo mbili ni mkopo, haina uhusiano na kuajiriwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejeshwa mwaka uliofuata.

Turudi Kenya, kwenye sehemu ya sheria ya 2003 ambayo kwangu inaumiza kuliko ile ya asilimia.

Vifungu vilivyolala

Nilisema sheria ile ilianza kutumika Juni 2004. Haikuanza yote. Baadhi ya vifungu viliachwa nje ya tangazo la kuanza, navyo ni pamoja na cha 22, cha 23 na cha 24. Ukisoma walichosema utaelewa kwa nini viliachwa. Cha 22 kilimtaka mwenye jengo linalotumiwa na umma alirekebishe liweze kuingilika, ndani ya miaka mitano. Cha 23 kilimtaka mwenye gari la abiria alirekebishe ndani ya miaka miwili. Cha 24 kililipa Baraza uwezo wa kutoa amri ya marekebisho kwa anayekaidi. Yaani vilikuwa vile hasa vyenye gharama na vyenye makali. Vililala hadi tarehe 1 Januari 2010.

Kwa hiyo miaka mitano ya majengo iliisha mwanzoni mwa 2015, na miwili ya magari iliisha mwanzoni mwa 2012. Anayepanda matatu Nairobi au Mombasa hahitaji takwimu ya kumwambia kilichotokea. Ngazi ya mlangoni iko palepale kwenye usawa wa goti, kiti cha magurudumu kinakunjwa na kulipiwa kama mzigo pale makanga anapokuwa na huruma, na asipokuwa nayo gari linaondoka.

Hata zile amri za marekebisho zilikuwa zimefungwa kamba. Baraza halikuweza kuipelekea amri hospitali bila idhini ya waziri wa afya, wala shule bila idhini ya waziri wa elimu. Fikiria: sehemu mbili ambazo mtu mwenye ulemavu hazikwepi maishani ndizo zilizowekewa ngao. Nikumbushe tu kwamba kupata kadi ya usajili ya Baraza lazima kwanza upimwe hospitalini. Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu anayetembea kwa mikongojo kwenda kupimwa kiwango chake cha ulemavu, na chumba cha upimaji kilikuwa ghorofani, lifti ikiwa imebandikwa karatasi. Alipanda ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Tulipofika daktari alimwuliza kama ana shida ya kutembea.

Nani anahesabiwa

Swali hilo la daktari linatupeleka kwenye fundo jingine: ulemavu ni nini mbele ya sheria? Watu hudhani jibu ni la kitabibu na ni moja. Ni manne au matano, kutegemea karatasi iliyo mbele yako.

Katiba, katika Kifungu cha 260, inatoa maana pana ajabu. Inataja kasoro za mwili, za hisi, za akili na za kisaikolojia, hali au ugonjwa, ambao unaathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya shughuli za kila siku. Kisha inaongeza jambo ambalo mtu hulipita bila kulitazama: au ambao sehemu kubwa ya jamii inaona kwamba unamwathiri hivyo. Maana yake, hata mwili wako ukiwa mzima, kama kijiji kimekuamulia kwamba huwezi, Katiba inakuhesabu. Mwenye kifafa ambaye hajaanguka kwa miaka mitatu lakini hapewi kazi jikoni yumo. Mwenye ualbino ambaye anaona vizuri kwa miwani yake lakini wazazi wa mpenzi wake wamemkataa yumo. Kwangu hiki ni kipande cha sheria kilichoandikwa na mtu anayeijua jamii yake.

Sensa ina jibu jingine. Mwaka 2019 Kenya ilitumia maswali sita yanayotumika nchi nyingi: je, unapata taabu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Majibu yako manne, kuanzia "hapana taabu" hadi "siwezi kabisa". Aliyehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu "taabu kubwa" au "siwezi kabisa". Matokeo yakawa watu kama laki tisa, asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Miaka kumi kabla, sensa ya 2009 iliyouliza kwa namna tofauti ilikuwa imepata asilimia 3.5. Huko Tanzania, sensa ya 2022 ilitoa asilimia 11.2 kwa wenye miaka saba na zaidi. Hakuna anayeamini kwamba ukivuka mpaka ulemavu unaongezeka mara tano. Kinachobadilika zaidi ni mstari wa kuhesabia, na mstari huo huchorwa ofisini. Sensa hiyo ya 2019 ilikuwa pia ya kwanza Kenya kuhesabu watu wenye ualbino peke yao, walikuwa 9,729.

Halafu kuna sajili ya Baraza, ambayo ni jambo la tatu kabisa. Kuhesabiwa kwenye sensa hakukupi kadi. Kadi hutokana na upimaji wa hospitali na usajili, na faida nyingi za kifedha zimefungwa kwenye kadi hiyo. Ndiyo maana unaweza kuwa na ulemavu kwa Katiba, ukawa hunao kwa sensa, na ukawa hujulikani kabisa kwa Baraza.

Nikae kidogo kwenye maneno, maana Katiba ya Kenya imeyagusa. Haki ya kwanza kabisa inayotajwa katika Kifungu cha 54 ni ya mtu kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Imekuja kabla ya shule, kabla ya usafiri. Sisi wenye Kiswahili tuna kazi yetu hapo. Lugha yetu iliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti na kijiko, ijapokuwa upatanisho wake ni wa watu: kipofu anakuja, haisemwi kinakuja. Lilipokuja neno "mlemavu" lilimhamishia mtu kwenye ngeli ya watu, na "mtu mwenye ulemavu" likamtanguliza mtu kabisa. Wapo viziwi wengi wanaojiita viziwi bila haya, wanaona ni jina la jamii yenye lugha yake, na Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa kwenye Katiba kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ila "zeruzeru" sijamsikia mwenye ualbino hata mmoja akilitetea.

Pesa: anayepewa ni anayepata

Sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote ni ya kodi.

Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupata cheti cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, yaani shilingi milioni 1.8 kwa mwaka. Kinachozidi hapo ndicho kinachotozwa. Msamaha huo ulipangwa kwa amri ya mwaka 2010, na cheti chake kina muda. Kikiisha, makato hurudi kwenye hati ya mshahara kimyakimya, na wengi hugundua mwisho wa mwezi.

Msamaha huu una uzito gani? Chukua mtu mwenye mapato yanayotozwa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyopo angekatwa zaidi ya shilingi 22,000. Kwa cheti, hizo zinabaki mfukoni. Ni pesa ya maana, na haipaswi kuonewa kijicho: kuishi na ulemavu kunagharimu. Teksi pale matatu yanapokataa, msaidizi wa kulipwa, betri za kifaa cha kusikilizia, tairi la kiti cha magurudumu lililoliwa na barabara ya changarawe. Mtu asiyekuwa na ulemavu halipii hayo.

Sasa mgeukie mama anayeuza mboga katika soko la Gikomba, Nairobi, huku akiwa na mguu mmoja. Hana hati ya mshahara. Msamaha wa kodi kwake ni sawa na kumsamehe samaki ada ya maji. Kilicho karibu na watu wa hali yake ni mpango wa Inua Jamii, ambao kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, akiwa ameingizwa kwenye orodha. Weka nambari mbili kando kando: zaidi ya 22,000 kwa mwenye mshahara mnono, 2,000 kwa asiyeweza hata kutoka nyumbani. Hakuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Ilitokea kwa sababu msamaha hupitia mfumo wa kodi na ruzuku hupitia bajeti, na bajeti ndiyo inayobanwa kila Juni.

Kwa upande wa mwajiri nako kuna uvumi. Utasikia kwamba serikali inamlipia mwajiri robo ya mshahara wa mfanyakazi mwenye ulemavu. Haimlipii. Sheria ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kuombea mapato yake yanayotozwa kodi yapunguzwe kwa kiasi kinacholingana na asilimia 25 ya mshahara aliomlipa mtu huyo. Tuseme amemlipa shilingi milioni moja kwa mwaka. Robo yake ni 250,000, na hizo zinaondolewa kwenye faida kabla kodi haijapigwa. Kodi ya makampuni ni asilimia 30. Kwa hiyo kinachookolewa hasa ni shilingi 75,000. Gharama za kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili ya mfanyakazi huyo zilikuwa na nafuu ya namna hiyohiyo, kwa nusu yake. Si haba, ila mhasibu wa kampuni ndogo akiangalia makaratasi ya kujaza na 75,000 atakazookoa, mara nyingi hufunga faili.

Serikali ipi

Tangu 2013 Kenya ina serikali 47 za kaunti kando ya ile ya kitaifa, na lawama nyingi hupotea kati ya hizo mbili. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi. Hospitali za kaunti, zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, vituo vya magari: hizo ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, hospitali kuu za rufaa, barabara kuu na kodi ya mapato ni za serikali ya kitaifa. Mzazi mwenye mtoto kiziwi wa miaka mitano anaanza na kaunti; mtoto akifika darasa la kwanza, anahamia kwa wizara. Kuna wazazi wamezungushwa hivyo mpaka mtoto amepitwa na umri.

Ndiyo sababu mswada wa sheria ya 2025 ulipitia Seneti: jambo linalozigusa kaunti lazima lipitie huko. Na baadhi ya kaunti zimetunga sheria zake za ulemavu. Kabla hujaandika barua ya malalamiko, tafuta kwanza kama kaunti yako ni mojawapo, maana karani wa kaunti humsikiliza zaidi anayemnukulia sheria ya kaunti yake.

Ikifika mahakamani, jambo la kujua ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kwa kawaida anayelalamika ndiye hutakiwa kuleta ushahidi. Katika ubaguzi wa kazini mambo yamegeuzwa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa ya mfanyakazi wa kampuni ya uwakala wa bima aliyekuwa ameachishwa kazi, ikakubali kwamba alibaguliwa kwa sababu ya ulemavu wake. Sijui kifungu chenye nguvu zaidi ya hicho kwa mtu wa kawaida, na bado si kile kinachotajwa mikutanoni. Hakina asilimia ndani yake, labda ndiyo sababu.

Limebaki fundo moja ambalo sheria ya 2025 haiwezi kulifungua hata ingetaka. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Mei 2008, na kwa Katiba ya 2010 mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi. Mkataba huo, katika ibara yake ya 12, unasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine. Akihitaji msaada wa kuamua, asaidiwe, asinyang'anywe uamuzi. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 83, inasema hawezi kusajiliwa kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na Kifungu cha 99 kinamzuia asiye na akili timamu kugombea ubunge. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilipoichunguza Kenya mwaka 2015 suala la uwezo wa kisheria lilikuwa miongoni mwa iliyoyalalamikia. Sheria ya kawaida haiishindi Katiba, na kuibadilisha Katiba kupitia Bunge kunadai angalau theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila nyumba.

Kwa hiyo leo mtu mwenye maradhi ya akili anaweza kuajiriwa ndani ya asilimia tano ya 2025, akalipwa mshahara na kusamehewa kodi, na akitangazwa na mahakama kuwa si timamu asiruhusiwe kuwapigia kura wale wa asilimia tano ya 2010.